Makaa ya Ikindwi

1

Asubuhi Mizani ilipotangaza kwamba kijiji kizima cha Ikindwi ni adui, Kanali Kibindo alikuwa nyuma ya hema la mawasiliano akimwagilia nyanya zake. Alikuwa amezipanda kwenye madebe ya mafuta, na kambi nzima ilijua kwamba ukiwa na habari mbaya, mpelekee huko.

"Kijiji kizima?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Kizima, Afande. Hadi watoto wachanga."

"Watoto wachanga wamefanya nini?"

"Wamebebwa na mama zao."

Aliguna, akahamia debe la pili. Tulikuwa mwaka wa saba wa vita ambavyo Serikali ya Tambarare iliahidi kuvimaliza kwa miezi mitatu. Kanali alikuwa ameshinda kila pambano alilopigana katika milima hii. Daraja alilotaka alilichukua, kilele alichotaka alikipanda, na bado hakuweza kumtuma mtu kununua kabichi bila kuomba dua.

Mimi naitwa Nakijwa. Nilizaliwa milimani, nikasomea tambarare, na Jeshi liliponiajiri lilinipa cheo cha mfasiri. Watu hudhani nilifasiri lugha, kumbe huku na huko tunasema Kiswahili kilekile, tofauti ni matusi tu. Nilichokuwa nafasiri ni tabia. Kazi yangu ilikuwa kuieleza Mizani kwa nini watu wa kwetu wanafanya wanayoyafanya.

Mizani yenyewe haikuwa na ubaya wa kuonekana. Juu ya kila bonde waliruka kunguru wa chuma, wadogo, wenye silaha, wasio na kelele, wanaoona joto la mwili hata kwenye ukungu. Walichoona walikituma kwenye mtambo, nao mtambo ukampa kila mtu uzito wake. Mwasi mwenye bunduki ni mzito. Ukikaa naye, sehemu ya uzito wake inahamia kwako. Ukimpa jirani yako chumvi, sehemu ya uzito wako inahamia kwake. Uzito wa kijiji ukivuka mstari mwekundu, amri inatoka: watu wapakiwe kwenye malori wapelekwe kambi za uhamisho huko chini kwenye joto, na nyumba zao zichomwe. Nilikwisha kuziona kambi zile. Mtu wa milimani akikaa huko, anazeeka kwa msimu mmoja.

Sheria ilitaka mambo mawili kabla ya malori kuja: mfasiri aende akaone kwa macho yake, na kamanda atie sahihi. Mfasiri akiwa na maelezo, anayatoa kwa Mizani, nayo inajifunza. Shida ni kwamba ikishajifunza haisahau, na inakitumia ilichojifunza katika kila bonde la kila mlima.

Niliwahi kuifundisha kwamba wanawake wanaopanda mlima kwa mstari alfajiri wamebeba majembe. Haikupita muda, bunduki zikaanza kupanda mlima zikiwa zimefungwa pamoja na mipini. Nikaifundisha pia kwamba wanaotembea na moshi ni warina asali. Ikawachunguza warina asali wote, ikamkuta mmoja anayerudi mara nyingi bila asali, ikamuua. Alikuwa mwasi kweli. Alikuwa pia na wanawe vijana ambao hadi siku hiyo walikuwa wakigombania redio na wasichana, na baada ya mazishi wakaingia msituni wote. Asubuhi tulimpunguza mwasi mmoja, jioni tukawa na waasi zaidi ya tuliokuwa nao jana. Kanali alipeleka hesabu hiyo makao makuu, nao wakampongeza kwa yule mmoja.

"Mizani inasema nini hasa kuhusu Ikindwi?" aliniuliza sasa.

Nikamwonyesha kibao changu cha kioo. Picha ilikuwa ya alfajiri iliyotangulia, mvua inanyesha. Kutoka kila nyumba ya Ikindwi katoka mtu mmoja akiwa na kitu kidogo cha moto mkononi. Wote wameelekea nyumba moja, nyumba ya mama wa Elifasi, mwasi aliyeuawa na kunguru wiki hiyo. Mizani ikasoma kwamba ni mkutano, kila nyumba imetuma mjumbe wake.

"Na hawa?" Kanali aligusa alama mbili za kijivu.

"Hawakutambuliwa. Walijifunika nailoni kwa ajili ya mvua. Mmoja alitoka juu, upande wa msituni. Mwingine alitoka chini."

"Chini wapi? Chini tupo sisi."

"Ndiyo, Afande."

Akaitua ndoo ya maji. "Nenda ukaone," alisema. "Na utembee katikati ya barabara."

2

Mama wa Elifasi ni shangazi yangu. Si shangazi wa tumbo moja na baba, ila babu zao walikuwa ndugu, na kwetu hiyo inatosha kabisa kwa mtu kukufinya sikio. Jina lake Namsifu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, kanga imefungwa kiunoni, macho makavu kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Umekuja kama nani?" aliuliza.

"Nimekuja kukupa pole, shangazi."

"Na hicho kibao?"

"Nacho nimekuja nacho."

"Basi kiache nje. Hakijafiwa."

Nikakiacha kwenye jiwe mlangoni, nikaingia.

Lazima niseme jambo kuhusu moto wa kwetu. Zamani, mtu akifa, moto wa nyumba yake ulizimwa kwa maji, na mafiga yakabaki baridi hadi baada ya mazishi. Kisha alfajiri kila nyumba ilileta kaa moja la moto, wafiwa wakapikia moto wa watu wote. Tuliuita moto wa pole. Nilipokuwa mdogo desturi hii ilikuwa inakufa, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na jiko la umeme wa jua, na hakuna anayeweza kumletea jirani umeme kwenye kigae. Halafu Jeshi likazizima sahani zote za jua milimani ili waasi wasichaji mitambo yao. Watu wakarudi kwenye kuni, na kuni zikarudi na mambo yake. Kwa hiyo moto ule ulioitia Mizani hofu tuliuwasha sisi.

Jiko la shangazi lilikuwa linawaka vizuri. Pembeni, kama ilivyo desturi, vilipangwa vyombo vilivyoleta makaa. Vingi vilikuwa vigae vya vyungu na vifuu. Viwili nilivitazama zaidi.

Kimoja kilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye mhuri wa Jeshi, lililotobolewa matundu na kutiwa mkono wa waya. Nililijua kopo lile. Kila asubuhi nililiona jikoni kwetu kambini; ndani yake Koplo Shekalaghe, mpishi wetu, alihifadhi vijiko.

"Huyu alikuja mwenyewe?" niliuliza nikiwa nimeshangaa kweli.

"Alikuja ameloa kama kuku," alisema shangazi. "Akasema, mama, mimi Elifasi nilimjua kwa kuniuzia kabichi, mengine siyajui. Akaweka kaa lake, na sukari kilo moja kutoka kwa mkubwa wenu. Akataka kuondoka bila chai! Nikamwambia, kwetu haiwi hivyo."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sikufanya lolote kati ya hayo kwa sababu jicho langu lilikuwa limefika kwenye chombo cha pili. Hakikuwa kigae. Kilikuwa gome la mti lililokunjwa, na nje yake lilikuwa na manyoya ya kijani yanayoota juu kabisa, kwenye msitu wa mawingu, ambako hakuna anayeishi isipokuwa waasi. Elifasi alikuwa na mdogo wake, Kiondo. Sikuwa nimemwona tangu akiwa mvulana mwenye makamasi.

Shangazi aliniona nikilitazama gome.

"Unakumbuka anayepokea moto anakatazwa nini?" aliniuliza taratibu.

"Kuuliza."

"Basi."

Nje mvua ilianza tena, na nikasikia mtu akikifunika kibao changu kwa sufuria kisilowe. Hiyo ndiyo Ikindwi ninayoijua, watakulaani na watakufunikia mali yako.

"Nikiwaeleza maana ya moto huu, malori hayaji," nilisema mwishoni. "Mizani itajua ni msiba. Mtabaki hapa."

"Na baada ya hapo?"

Hakuwa mjinga, hata ningependa awe. Baada ya hapo Mizani ingejua kwamba mafiga yakipoa mahali, hapo pamefiwa, na kwamba alfajiri ya moto wa pole mtu anayeshuka kutoka juu amekuja kumlilia mwenzake. Katika kila kijiji, milima yote. Tungekuwa tunamuua mtu, halafu tunakwenda kukaa msibani kwake kumsubiri ndugu yake. Watoto wa wadogo zangu wangefiwa wakiogopa kuwasha moto.

"Usiponieleza niseme nini, shangazi, nitasema nini?"

"Mimi nimezika juzi, mwanangu," alisema. "Hilo lako ubebe mwenyewe."

3

Nilirudi kambini, nikakiweka kibao mezani hemani, nikamfuata Kanali kwenye nyanya. Pale Mizani haikuwa na sikio. Nikamweleza yote kuhusu moto wa pole kwa mdomo. Nilisema pia kopo ni la nani.

Kanali hakukasirika. Alionekana kama mtu aliyekutwa akila daku ilhali hafungi. "Shekalaghe aliniomba ruhusa," alisema. "Nikamwambia mpelekee na sukari. Mama amefiwa! Kule kwetu usipokwenda kuzika mtaani, siku yako wanakuacha na jeneza lako."

"Aliyefiwa ni mama wa mwasi, Afande."

"Najua ni mama wa nani. Mimi ndiye niliyesaini kunguru aliyemuua." Alichuma jani lililonyauka. "Kwa hiyo ile alama ya kijivu ya chini ni sisi."

"Ni sisi. Nikiitambulisha, uzito wa nyumba ile unaingia jikoni kwetu. Kambi nzima inakula jiko moja."

Alielewa haraka. Zamani Mizani iliwasamehe wenye sare, mpaka askari fulani walipokamatwa wakiwauzia waasi risasi. Toka hapo makao makuu waliamuru kila mtu apimwe, aliyevaa sare na asiyevaa. Tukaingia hemani, nikaandika jina la mpishi kwenye alama ya chini, na mbele ya macho yetu mtambo ukahesabu upya. Ikindwi ikabaki juu ya mstari mwekundu. Kambi yetu ikapanda ikakaa pembeni yake. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la Koplo Shekalaghe, la pili la Kanali Kibindo mwenyewe. Mtambo ukapendekeza, kwa adabu zake zote, kambi ihamishiwe kwenye joto.

Kanali alicheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka, akakizima kibao.

"Nina njia mbili," alisema. "Wewe unatoa maelezo, Mizani inaelewa, kijiji kinapona na mimi napona. Au mimi nasaini kwamba mtambo umekosea. Nikisaini hivyo, sheria inawashusha kunguru wote wa mlima huu mpaka mafundi waje wakague. Wiki kadhaa bila macho." Akanitazama. "Tukiwa hatuoni, mtu wetu atakufa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Lakini hutaki kutoa maelezo."

"Afande, nikikwambia wewe, siku moja utastaafu, utasahau, utafia kwenye nyanya. Mtambo hausahau. Niliufundisha asali, ukaua, na msitu ukajaa. Nikiufundisha msiba, itakuwaje?"

Nje, Shekalaghe alikuwa anawafokea askari walioingiza mikono kwenye sufuria ya maharage. Sauti yake ilifika mpaka hemani, ikiwaita fisi, ikiwauliza kama walilelewa au waliokotwa.

"Unajua kinachonichosha?" alisema Kanali. "Sisi tunatakiwa kushinda. Wao wanatakiwa kuwepo tu. Kila siku wakiamka wapo, wametushinda siku hiyo. Na kila tunachofanya ili wasiwepo, wanaongezeka." Akavuta kibao. "Na yule wa juu? Aliyetoka msituni. Ulimtambua?"

"Sikuuliza."

"Sikukuuliza kama uliuliza."

Nikageuza macho yangu kwenye kibao. Kanali akakiwasha, akaweka kidole gumba kwenye kioo kusaini kwamba mtambo umekosea, na pale palipoandikwa *maelezo ya mfasiri* akaandika: *hakuna*. Jioni ile kunguru walishuka mmoja mmoja wakakaa kwenye paa la ghala, mabawa yamekunjwa. Malori ya Ikindwi hayakuja.

4

Shekalaghe alikufa siku ya kwenda kununua kabichi. Alikuwa ameshuka kwenye gari pale kwenye kona ya mto ili aondoe tawi lililoanguka barabarani, na bomu lilikuwa limefukiwa chini ya tawi. Kunguru wangekuwa angani, wangeuona udongo uliofukuliwa usiku, maana udongo mpya huwa na joto lake. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na kila mara jibu ni lilelile. Tulijua mtu atakufa. Hatukujua atakuwa nani, na kutokujua kulitusaidia kuamua. Mtu aliyenipa ukoko wa wali kwa sababu niliwahi kusema naupenda alikufa kwa uamuzi wangu na wa Kanali, na hakuna aliyetuadhibu.

Mwili wake ulipelekwa kwao tambarare kwa helikopta. Nilipotoka kuusindikiza niliingia jikoni. Sijui ni nini kilinisukuma. Nilichota maji nikayamwaga kwenye jiko, moshi ukapanda, askari wakanitazama kama mwendawazimu. Siku ile na iliyofuata tulikula biskuti.

Alfajiri, mlinzi wa lango alipiga kelele. Nikatoka mbio, Kanali naye akatoka akiwa amevaa fulana na viatu vya kambi. Kwenye ukungu, barabarani, watu wa Ikindwi walikuwa wanashuka kwa mstari. Kila mmoja alikuwa ameshika kitu kinachong'aa chekundu kwenye kigae. Mbele alikuwa shangazi yangu, na mkononi mwake lilikuwa lile kopo la maziwa.

"Afande, niwasimamishe?" aliuliza mlinzi.

"Fungua lango," alisema Kanali.

"Wote, Afande?"

"Unafikiri wamekuja kupigana na vigae? Fungua."

Mafundi walikuwa wamemaliza kazi yao siku iliyotangulia, na kunguru walikuwa wamerudi angani. Kibao kilianza kutetemeka mfukoni mwangu kabla sijafika jikoni. Nikakitoa. Nukta za joto zilikuwa zinaingia langoni moja moja, na Mizani ilizipa uzito moja moja: mwanamke, mzee, mwanamke, mwanamke. Halafu ikaweka duara jekundu juu ya nukta ya mwisho. Sikuwahi kuona uzito kama ule. Chini yake pakatokea swali: *Mfasiri, mtu huyu amekuja kufanya nini?*

Nilisimama mlangoni pa jiko nikapokea. Shangazi aliweka kaa lake kwanza. "Alikunywa chai yangu," alisema, akapita. Wengine wakafuata, kila mmoja na pole yake, nami nikaitikia kila mmoja. Moto ukaanza kushika.

Wa mwisho alikuwa kijana mrefu, amejifunika nailoni, matope mekundu ya kando ya mto yamemkaukia hadi magotini. Alishika kaa lake kwenye gome la mti lenye manyoya ya kijani. Alikuwa na paji la uso la baba yangu. Nikaitazama mikono yake, kucha zake zilizojaa udongo, na nikajua kwamba huenda mikono ile ndiyo iliyofukia bomu. Hasira ilinipanda. Ningeweza kusema neno moja tu. Askari ishirini walikuwa nyuma yangu, mtambo ulikuwa unasubiri, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba adui alikuwa amesimama mbele yetu, mikono yake yote miwili imeshika moto.

"Pole, dada," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nasikia alikuwa mpishi."

Nilitaka kumuuliza. Mungu anajua nilitaka kumuuliza.

"Tumeshapoa," nilimjibu.

Nikanyoosha mikono, nikalipokea gome. Lilikuwa la moto kuliko nilivyotarajia. Nikalimimina kaa katikati ya mengine, nikayachochea, na punde sikuweza tena kujua lake ni lipi. Nilipogeuka, ukungu ulikuwa umemmeza, na kibao kikawa kinarudia swali lake lilelile. Nikakilaza kifudifudi chini ya mfuko wa unga.

Tulipika chai. Kanali alikunywa kikombe chake akiwa amechuchumaa kando ya jiko, pamoja na shangazi, hawasemezani. Alipofika katikati akakunja uso.

"Sukari imezidi," alisema. "Nani ametia?"

Kipimo cha sufuria ile alikijua Shekalaghe peke yake.